Mbega na Mangabei wa Mto Tana: Wanavyochunguzwa na Kwa Nini Msitu Wao Ni Wetu Pia

Kaunti ya Tana River ina wanyama wawili wasiopatikana porini mahali pengine popote duniani. Wa kwanza ni mbega mwekundu wa Tana. Wa pili ni mangabei wa Tana. Wote wawili ni jamii ya kima, na wote huishi katika msitu mwembamba unaofuata kingo za mto. Idadi kubwa yao iko katika vipande vya msitu kati ya Nkanjonja na Mitapani, mwendo wa takriban kilomita 60 za mto.

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) umewaweka wote wawili katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Mbega mwekundu wa Tana amewahi kutajwa zaidi ya mara moja katika orodha ya jamii 25 za kima na nyani zilizo katika hatari kubwa zaidi duniani.

Kwa mkazi anayeamka asubuhi akiwaza mahindi, ndizi, mifugo na karo ya shule, habari hii inaweza kuonekana kuwa ya watalii na wataalamu tu. Makala haya yanaeleza kwa nini sivyo. Mambo yanayompunguza mbega ndiyo yanayopunguza maji, mbao, ukindu na rutuba ya mashamba ya kando ya mto. Anayejua hali ya wanyama hawa anajua pia hali ya mto.

Kuwatambua

Wakazi wengi huwaona kima kila siku, lakini si kila kima ni mbega au mangabei. Katika misitu ya Tana kuna pia nyani wa manjano, kima wa kawaida, tumbili na komba. Wote hao wanapatikana pia kwingineko nchini. Tofauti ni muhimu, kwa sababu mara nyingi mnyama mmoja hulaumiwa kwa kosa la mwingine.

Mbega mwekundu ana mgongo wa kijivu na nywele nyekundu kichwani. Kidole gumba cha mkono wake kimefupika kiasi kwamba ni vigumu kukiona. Vidole vinne vilivyobaki humtosha kushika matawi anaporuka kutoka mti hadi mti. Chakula chake kikubwa ni majani machanga, maua na matunda. Tumbo lake lina vyumba kadhaa, na ndani yake majani huchachushwa na vijidudu kabla ya kusagwa, karibu kama ilivyo kwa ng'ombe. Kwa sababu hiyo si kawaida yake kuingia shambani kuiba mahindi. Huishi juu ya miti na hashuki chini ila kwa nadra.

Mangabei ana manyoya ya rangi ya kahawia inayoelekea manjano, mkia mrefu na nywele zilizosimama juu ya kichwa kama kofia. Asubuhi dume lake hutoa mlio mkubwa unaosikika mbali msituni. Tofauti na mbega, mangabei hutumia sehemu kubwa ya siku akiwa ardhini, akitafuta matunda yaliyoanguka, mbegu na wadudu. Meno yake ya nyuma ni imara, na anaweza kuvunja mbegu ngumu ambazo wanyama wengi huziacha. Mashavuni ana mifuko ya kubebea chakula.

Tofauti hizi mbili, za chakula na za mwendo, zina maana kubwa. Msitu ukikatwa na kubaki vipande vipande, mangabei anaweza kuvuka uwazi kwa miguu kwenda kipande kingine. Mbega hufungwa pale alipo. Akikosa chakula, au dume na jike wakibaki ndugu watupu, hana pa kwenda.

Wametoka wapi? Jamaa wa mbega wekundu wanaishi Unguja, ambako huitwa kima punju, katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, na katika msitu wa Kibale nchini Uganda. Jamaa wa karibu wa mangabei ni mangabei wa Sanje wa Udzungwa, ambaye alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 tu. Hali hii inaonyesha kwamba zamani misitu ya Afrika ya kati na ya mashariki ilikuwa imeungana. Hali ya hewa ilipokauka, misitu ilirudi nyuma, na makundi ya wanyama yakabaki yametengana. Huku kwetu mto ndio ulioendelea kuutunza msitu katika nchi kavu.

Jinsi wanavyochunguzwa

Utafiti wa kina wa wanyama hawa ulianza miaka ya 1970. Clive Marsh alimchunguza mbega mwekundu, na Katherine Homewood akamchunguza mangabei. Baadaye walifuata wengine, wakiwemo Margaret Kinnaird, Julie Wieczkowski na mtafiti Mkenya David Mbora. Kazi nyingi zimefanyika katika kambi ya utafiti ya Mchelelo, na katika kila awamu vijana wa vijiji vya jirani wamekuwa waongozaji, wahesabu na wasaidizi wa watafiti. Ujuzi wa njia za msitu na majina ya miti ulitoka kwao.

Kazi ya kwanza ya mtafiti ni kuzoewa. Kima wakimwona mtu hukimbia, na mnyama anayekimbia hawezi kuchunguzwa. Kwa hiyo mtafiti hulifuata kundi moja siku baada ya siku, kwa utulivu, bila kulisha na bila kugusa, mpaka kundi limchukue kama sehemu ya msitu. Hilo huchukua miezi. Baada ya hapo huanza kuwatambua mmoja mmoja kwa alama: sikio lililochanika, mkia uliokatika, kovu, rangi ya uso.

Kazi ya pili ni kuandika. Kila baada ya dakika kadhaa mtafiti hutazama kwa darubini na kuandika kila mnyama anayeonekana anafanya nini: anakula, anapumzika, anatembea au anacheza. Akila, huandikwa ni mti gani na ni sehemu gani ya mti. Karatasi za siku moja hazisemi mengi, lakini za mwaka mzima huonyesha ni miti ipi inayowalisha wakati wa kiangazi, ambapo chakula ni kidogo. Miti hiyo ndiyo ya kulindwa kwanza.

Kazi ya tatu ni sensa. Kuhesabu wanyama msituni si kama kuhesabu mbuzi zizini. Watu hugawana vipande vya msitu, hupita kwa mistari iliyopangwa, na huandika mahali na saa walipoliona kila kundi, ili kundi moja lisihesabiwe mara mbili. Mwaka 1994, Thomas Butynski na Geoffrey Mwangi walikadiria kwamba kulikuwa na mbega wekundu kati ya 1,100 na 1,300, na mangabei kati ya 1,000 na 1,200. Hao ndio waliokuwepo duniani kote, si katika kaunti hii pekee. Shule moja kubwa ya sekondari inaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko hao.

Kazi ya nne ni ya afya. Mtafiti huokota kinyesi kibichi chini ya mti na kukipima kwa hadubini, akitafuta mayai ya minyoo na vimelea vingine. Utafiti wa Mbora na mwenzake Mark McPeek katika misitu ya Tana, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba msongamano wa wanyama na shughuli za watu msituni huongeza vimelea. Kwa maneno mengine, kuona mbega wengi katika kipande kidogo cha msitu si dalili ya heri kila mara. Huenda wamesongamana kwa kukosa pa kwenda, na msongamano huleta maradhi.

Msitu huu unakunywa maji ya mto

Mtu akisimama ukingoni mwa Tana na kutembea kuelekea nchi kavu, ataona msitu ukiisha ghafla, mara nyingi kabla ya kufika kilomita moja. Sababu si shoka peke yake. Mvua ya eneo hili haitoshi kuotesha msitu mkubwa. Miti hii huishi kwa maji ya chini ya ardhi ambayo mto huyajaza, na kwa mafuriko yanayokuja kufuatia misimu miwili ya mvua kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya.

Mafuriko hufanya kazi tatu. Hujaza maji ya chini ya ardhi. Huleta tope lenye rutuba. Na hufungua ardhi mpya, ambapo mbegu za mikuyu na miti mingine huota bila kuzidiwa na miti mikubwa. Mto nao haukai mahali pamoja: hupinda, hukata ukingo huu na kujenga ule. Wakazi wa Hola wanalijua hilo vizuri, kwani mwaka 1989 mto ulibadili njia na mradi wa unyunyiziaji ukakosa maji. Msitu wa zamani hufa upande mmoja na msitu mpya huzaliwa upande mwingine. Mradi uzazi huo unaendelea, wanyama huhama pole pole pamoja na msitu.

Tatizo huja uzazi huo unapokatika. Tangu 1968 mabwawa matano ya umeme yamejengwa sehemu ya juu ya mto: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa haya yanaangaza nyumba za Wakenya wengi, na hakuna anayependekeza yabomolewe. Lakini yamebadilisha jinsi mto unavyojaa na kupungua, na tope jingi sasa hukaa nyuma ya kuta zake. Miti mikubwa iliyopo ilizaliwa katika mto wa zamani. Ikizeeka na kuanguka bila miche ya kutosha chini yake, kipande cha msitu kitaisha hata kama hakuna aliyekata mti.

Hapa ndipo maslahi ya mbega na ya mkulima yanapokutana. Maji na tope linaloikuza miche ya msitu ndilo linaloivisha mpunga, migomba na maembe ya kando ya mto, na ndilo linaloacha malisho ya kiangazi kwa wafugaji wanaoteremka kwenye malka.

Ni kweli pia kwamba mafuriko huumiza. Mwisho wa mwaka 2023, na tena Aprili na Mei 2024, familia nyingi za kaunti hii zilihama makwao na kupoteza mali. Mafuriko ya namna hiyo ni janga, na si hayo yanayotakiwa. Msitu na shamba vyote vinahitaji mto unaojaa kwa kiasi na kwa msimu, na watu wanaopata taarifa mapema. Msitu wenyewe husaidia: mizizi yake hushika ukingo usimomonyoke, na miti yake hupunguza kasi ya maji.

Mkindu: mti mmoja, wenye haja wengi

Mfano mmoja unaonyesha jinsi watu na mangabei wanavyogombea kitu kimoja. Mkindu hutoa ukindu wa mikeka na vikapu. Mashina yake hutumika kujengea, na utomvu wake hugemwa kuwa pombe. Kwa mangabei, mkindu ni miongoni mwa vyakula vikuu. Margaret Kinnaird aliuchunguza ushindani huu, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 1992.

Somo lake kwa mtumiaji ni jepesi. Kila tumizi la mkindu lina uzito wake. Majani yakivunwa kwa kiasi, mti hubaki hai na kutoa mengine. Shina likikatwa lote, matunda yake yote ya miaka ijayo yamekatwa pamoja nalo, na fundi wa mikeka atatembea mbali zaidi mwaka unaofuata. Mkindu huota kwa kichaka chenye mashina kadhaa. Anayehitaji mti wa kujengea anaweza kuchukua shina moja na kuyaacha mengine, badala ya kufyeka kichaka chote. Mama anayesuka anaweza kuvuna kwa zamu, mwezi huu kichaka hiki, mwezi ujao kile.

Mikuyu nayo hulisha mbega, mangabei, ndege na popo, na mingine mikubwa hutengenezewa mitumbwi. Mkuyu mmoja mkubwa ukianguka, kundi la mbega linaweza kupoteza sehemu kubwa ya chakula chake cha msimu. Kabla ya kuukata, inafaa wanakijiji waulizane kama kuna mwingine unaokua karibu nao.

Funzo la hifadhi ya 1976

Mwaka 1976 ilitangazwa hifadhi ya wanyama hawa yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 170 pande zote mbili za mto. Msitu wenyewe ulikuwa sehemu ndogo tu ya eneo hilo. Sehemu iliyobaki ilikuwa mashamba, vichaka na malisho ya watu walioishi hapo vizazi vingi.

Katika miaka ya 1990 ulikuja mradi uliofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia, na ndani yake kulikuwa na mpango wa kuhamisha familia kutoka ndani ya hifadhi. Wakazi wengi waliupinga. Kwao, kima walikuwa wamethaminiwa kuliko watu. Shauri lilifika mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria.

Kuna wanaoona uamuzi huo kama hasara kwa wanyama. Kuna wanaouona kama haki kwa watu. Linalokubalika na pande zote ni hili: msitu huu haujawahi kulindwa na mipaka ya ramani peke yake. Vipande vinavyosimama hadi leo vinasimama kwa sababu kuna wazee walioviheshimu, wakulima walioacha ukanda wa miti ukingoni, na wafugaji waliopita njia zao bila kuwasha moto. Pale watu walipohisi wamenyang'anywa msitu, baadhi waliukata kabla ya kuondolewa.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilifungua njia nyingine. Inazitambua hifadhi za jamii, ambapo wenye ardhi ndio wasimamizi. Hifadhi ya jamii ya Ndera katika kaunti hii ni mfano wa njia hiyo. Kufaulu kwake, kama kwa hifadhi yoyote ya jamii, hutegemea mambo ya kawaida: mikutano ya wazi, hesabu zinazosomwa mbele ya watu, na kazi zinazogawanywa bila kubagua ukoo wala kijiji.

Nani ana wajibu gani

Chini ya Katiba ya 2010, ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya Serikali ya Kitaifa, kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kaunti hutekeleza sera za kitaifa za kuhifadhi maliasili na mazingira, zikiwemo za udongo, maji na misitu. Kwa hiyo malalamiko ya mnyama aliyeharibu shamba hupelekwa KWS, moja kwa moja au kupitia kwa chifu. Masuala ya ukataji miti, kingo za mto na matumizi ya ardhi yanaweza pia kufikishwa kwa msimamizi wa wadi.

Kumuua, kumtega au kumfuga mbega au mangabei ni kosa la jinai lenye adhabu kali.

Mambo ambayo mkazi anaweza kufanya

1. Kuacha ukanda wa miti ukingoni mwa mto anapofungua shamba jipya. Ukanda huo hulinda shamba lisichukuliwe na mto, na ni njia ya mbega kutoka kipande kimoja cha msitu hadi kingine.

2. Kutokata miti inayounganisha vipande viwili vya msitu. Mstari mwembamba wa miti unaweza kuwa ndio daraja pekee.

3. Kulinda shamba kwa watu na kelele, hasa mazao yakikaribia kuiva, na kupanda mahindi mbali kidogo na msitu pale inapowezekana. Sumu na mitego ya waya haichagui, na inaweza kumdhuru mbwa, mbuzi au mtoto.

4. Kutowalisha kima wa aina yoyote. Kima aliyezoea chakula cha binadamu huingia nyumbani, na maradhi huweza kupita kutoka kwake kwenda kwa mtu na kutoka kwa mtu kwenda kwake.

5. Kuangalia moto wa kusafishia shamba mpaka uzimike kabisa, hasa wakati wa kiangazi.

6. Kuhudhuria vikao vya maoni ya umma kuhusu miradi ya mabwawa, unyunyiziaji na ardhi, na kuuliza swali moja kwa kila mradi: maji yatafika huku chini lini, na kiasi gani?

Kwa walimu na wanafunzi

Darasa lolote lililo karibu na msitu linaweza kuanza utafiti wake. Linahitaji daftari, saa na uvumilivu. Wanafunzi, wakiwa na mwalimu na mtu mzima anayeujua msitu, wachague mahali pamoja salama ukingoni mwa msitu, mbali na maji yenye mamba na viboko. Waende siku moja kila wiki, saa ileile. Waandike aina ya mnyama waliyemwona, idadi, mti aliokuwamo na alichokuwa akila. Wasiwarushie kitu wala kuwaita.

Baada ya muhula mmoja watakuwa na jedwali. Baada ya miaka mitatu watakuwa na rekodi ambayo hata mtafiti wa chuo kikuu ataiomba. Ndani yake kutakuwa na majina ya miti kwa Kipokomo na Kiorma, ambayo vijana wengi wameanza kuyasahau na ambayo babu na bibi zao bado wanayajua. Wawaulize mapema.